Mkono Uliochora Nembo

Ipo picha moja katika nchi yetu ambayo kila mwananchi ameiona mara nyingi kuliko picha nyingine yoyote. Hutundikwa nyuma ya kiti cha hakimu, huchapwa juu ya cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule, hupigwa rangi kwenye kibao cha ofisi ya mkuu wa wilaya, iwe Handeni iwe Korogwe. Vitabu huiita Nembo ya Taifa; watu wengi huiita "bibi na bwana", kwa sababu ya mwanamke na mwanamume waliosimama ubavuni mwa ngao, kila mmoja ameshika pembe ya ndovu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kukueleza bila kusita kwamba mwenge ni alama ya uhuru na elimu, kwamba jembe na shoka vilivyopishana ni zana za kuijenga nchi, kwamba mkuki ni ulinzi, kwamba mawimbi ni bahari na maziwa yetu, na kwamba ngao yenyewe imesimama juu ya mlima Kilimanjaro. Atakueleza na pamba iliyo miguuni pa bibi, na karafuu iliyo miguuni pa bwana. Umwulize sasa ni nani aliyeichora. Hapo atanyamaza, au, ikiwa amepata kusikia habari za mwaka 2017, atakutajia jina moja, na mwenzake wa dawati la nyuma atamkatiza kwa kutaja jina jingine.

Mwezi Mei mwaka huo wa 2017 vyombo vya habari vilitangaza habari za mzee mmoja wa Buguruni, Dar es Salaam, Francis Maige Kanyasu, aliyefahamika zaidi kwa jina la Ngosha, ambalo kwa Kisukuma maana yake ni mwanamume. Mzee huyu alikuwa amepita umri wa miaka 80, mgonjwa, na maisha yake yalikuwa ya dhiki; naye alieleza kwamba mkono uliochora nembo ile ulikuwa wake. Alipelekwa hospitali, kwanza Amana kisha Muhimbili, akafariki dunia kabla ya mwezi ule kwisha. Papo hapo lipo jina la pili, la Jeremiah Wisdom Kabati wa Mwanza, ambaye wapo wanaomtambua kuwa ndiye mbunifu wa nembo hiyo katika mwaka wa uhuru, 1961. Kila jina lina watetezi wake, na kila mtetezi husema kwa sauti ya mtu aliyekuwapo chumbani siku kalamu iliposhikwa.

Mimi ni mwalimu, na kazi yangu iko Handeni. Nimesikia ubishi huu katika chumba cha walimu, katika basi la kwenda Korogwe, na hata msibani. Jambo lililonishangaza ni jinsi wabishi wanavyofanana. Huyu husema "Ngosha alichora", yule husema "Kabati alibuni", na wote wawili hudhani wanajibu swali moja. Waama, kuchora na kubuni ni kazi mbili, na ziko nyingine. Yuko aliyepata wazo. Yuko aliyelitia katika mistari. Yuko aliyesafisha mchoro upate kuchapwa. Wako waliokaa mezani wakakubali hiki na kukataa kile. Mtu mmoja aweza kuzifanya zote, na watu wanne waweza kuzigawana. Anayesema "nilichora" aweza kuwa anasema kweli tupu, na anayesema "mwingine alibuni" naye pia.

Tena nembo yenyewe inatoa ushahidi ambao wabishi hawautazami. Katikati ya ngao mna bendera. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 bendera yake ilikuwa ya milia ya kulala ya kijani na nyeusi, yenye mistari ya manjano. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 tukawa na bendera ya mshazari yenye rangi ya samawati ndani yake. Kwa hiyo ngao iliyoko ukutani leo haiwezi kuwa, mstari kwa mstari, ile iliyotolewa mwaka 1961: mtu fulani aliketi baada ya Muungano akaifuta bendera ya kwanza na kuitia ya pili. Mkono huo haumo katika ubishi kabisa. Hakuna aliyejitokeza kuudai, wala gazeti lililoutafuta, kwa kuwa sisi tunapenda hadithi yenye mwanzilishi mmoja, na anayekuja kurekebisha hatumhesabu.

Ili mwanafunzi aone kwamba tabia hii haikuanza na nembo, hana haja ya kwenda mbali. Apande basi kutoka Segera kwenda Mombo, atazame mashamba ya mkonge kwa upande ambao mkonge ungali umesimama. Mistari imenyooka hata inatia kizunguzungu. Kadiri basi linavyokwenda ndivyo inavyofunguka na kujifunga kama kurasa za kitabu. Ni nani aliyeifanya? Vitabu vya historia vina jibu tayari: Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893 kwa njia ya Hamburg, ikasalimika 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yakaota mashamba yote ya Tanga. Habari hii ni ya kweli na ni ya ajabu, wala sioni sababu ya kumnyang'anya Hindorf sifa ya kuagiza. Hata hivyo Wamaya wa Yucatan, huko Meksiko, walikuwa wakiijua mimea ya jamii hiyo na kusokota kamba zake tangu zamani. Na hiyo mistari niliyoisema, Hindorf hakuipima.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa walioipima. Alikuja kutoka Songea kwa njia ya SILABU, kile chombo cha wenye mashamba kilichoanzishwa mwaka 1944 kuwakusanya wafanyakazi kutoka mikoa ya mbali, akapewa namba yake na kipande chake, akawa manamba katika shamba moja karibu na Korogwe. Wengi wanapolisikia neno manamba huona mtu mwenye panga, anayekata majani na kuyafunga mafungu kabla ya jua kali, na mafungu kupelekwa korona yakatolewe singa. Babu aliifanya kazi hiyo pia. Lakini kwa misimu kadhaa aliwekwa katika kundi la kuvuta kamba. Mzungu alikuwa na ramani. Juu ya ramani shamba lilikuwa jeupe na sawa kama karatasi iliyochorwa. Ardhi yenyewe ilikuwa na vichuguu, visiki, mawe, na mahali ambapo maji ya masika hupita kila mwaka yapende ramani yasipende.

Babu alinieleza mambo hayo nikiwa mvulana, tumeketi barazani Manundu. Alisema mistari ilikwenda miwili miwili, na kati ya jozi na jozi palikuwa na njia pana, ili mkataji apite na mzigo wake bila kuchomwa na miiba ya pande zote mbili. Kamba ilikuwa na vifundo. Penye kifundo ndipo pa mche. "Sasa, mjukuu wangu," akasema, "kifundo kikiangukia juu ya jiwe, utafanyaje?" Nikasema utaling'oa jiwe. Akacheka. Jiwe jingine lina mizizi kuliko mbuyu, alisema. Hapo kundi zima liliirudisha kamba nyuma kidogo, huku mwisho wa mstari wakiusogeza taratibu ili jicho la msimamizi lisione kombo. Penye njia ya maji walipeleka mstari kwa kuzunguka. Na ramani? Mwishoni mwa msimu, alisema babu, Mzungu alikuja na karani wake, akatembea, akarekebisha ramani ifuate shamba.

Nimelitafakari neno hilo la mwisho kwa miaka mingi. Kama ramani ilifuata shamba, basi mchoraji wa shamba ni nani? Sitaki kudai kwamba ni babu. Bila ile ramani ya kwanza kundi lile lisingejua hata pa kuanzia, wala babu hakupata kujidai kuwa ndiye bwana shamba. Ninalodai ni dogo zaidi: kwamba katika ile mistari inayoonekana kutoka dirishani mwa basi mna maamuzi ya watu waliovuta kamba, na kwamba maamuzi hayo yalikuwa ya akili, siyo ya misuli peke yake. Aliyesema "tusogeze hapa" alikuwa akibuni. Kitabu kikisema Hindorf alileta, na kampuni ikalima, basi akili hiyo imefutwa kama ilivyofutwa ile bendera ya kwanza.

Ubishi wa namna hii unao wenyewe hata katika nchi tajiri, na juu ya mambo ambayo kwetu yataonekana kuwa ya anasa. Huko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, kuna uwanja wa gofu wa klabu ya Merion uliofunguliwa mwaka 1912. Uwanja wa gofu hauchorwi kwa chokaa kama wa kandanda. Hupasuliwa juu ya vilima na mabonde, mashimo 18, na anayeupanga hushindana na ardhi kama babu yangu alivyoshindana na mawe. Kwa muda mrefu sifa zote za Merion alipewa Hugh Wilson, mwanachama wa klabu, aliyesemekana kuwa alisafiri kwanza Uingereza na Uskoti mwaka 1910 kujifunza, kisha akarudi na kuupanga uwanja. Karne ikageuka, wakatokea wachunguzi waliofungua orodha za abiria wa meli, wakaona kwamba safari ya Wilson ilikuwa ya mwaka 1912, yaani baada ya uwanja kupangwa. Kumbukumbu za klabu nazo zikaonyesha kwamba mwaka 1911 walikuja wataalamu wawili, Charles Blair Macdonald na mkwe wake aitwaye Whigham, wakaitazama mipango iliyoandaliwa na kutoa shauri juu ya upi ufuatwe. Tangu hapo wapenzi wa gofu wamegawanyika. Hawa wanasema Wilson ameiba sifa. Hawa wanasema kutoa shauri siku moja si kujenga uwanja. Na yuko pia William Flynn, aliyeendelea kuurekebisha uwanja kwa miaka mingi baadaye, ambaye katika makelele hayo hutajwa kwa sauti ndogo.

Nimeitaja habari hiyo kwa sababu moja. Wale mabwana wa gofu wanagombana vikali, tena wakati mwingine kwa maneno ya kuudhi, lakini wanagombana juu ya karatasi: orodha ya meli, daftari la mkutano, barua yenye tarehe. Hadithi ya safari ya 1910 ilipendwa na kila mtu, na karatasi ikaiangusha. Sisi katika ubishi wa nembo tunagombana juu ya heshima. Ukimwuliza mtetezi ushahidi wake, hukuambia habari ya umaskini wa marehemu, au habari ya ukoo wake. Umaskini wa mzee Ngosha ulikuwa jambo la kuliaibisha taifa hata kama hakuchora chochote. Na kama alichora, umaskini huo hauongezi wala haupunguzi ushahidi. Mambo hayo mawili hatuna budi kuyatenganisha, la sivyo tutamlipa mtu sifa badala ya dawa, tena baada ya kufa.

Hapo mtu atasema: kwetu Waafrika karatasi ni chache, tunategemea mapokeo. Sawa. Lakini mapokeo nayo yana taratibu zake za kutaja wahusika, na wakati mwingine ni kali kuliko za karatasi. Chukua habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Ngulu, ambayo zamani ilikuwa katika wilaya ya Handeni na tangu 2002 imo katika wilaya ya Kilindi, akaenda Usambara, akawagawia watu nyama, na mwisho akatawala Vugha. Habari hizo tunazo kwa sababu Abdallah bin Hemedi, aliyetumika kwa Semboja huko Mazinde, ambako leo ni wilaya ya Korogwe, alikaa na watu wa nyumba ile akawasikiliza, kisha akaandika Habari za Wakilindi. Kitabu kilichapwa kwa mitambo ya misheni ya Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kikatolewa tena mwaka 1962. Leo tunasema "kitabu cha Abdallah bin Hemedi", na ni haki. Kalamu ilikuwa yake na Kiswahili kile kizuri ni chake. Ila hadithi aliikuta.

Mzee mmoja wa Chanika, Mzigua, ambaye humwamkia bibi yangu kwa jina la ukoo, aliniambia kwamba Mbegha ni wa kwao kwa kuwa alizaliwa upande wa kwao. Siku chache baadaye, Mombo, Msambaa wa makamo akanijibu kwa upole kwamba kuzaliwa ni kuzaliwa, lakini Mbegha mfalme alifanywa na Washambaa, maana mwindaji akikosa watu wa kumkubali hubaki mwindaji. Sikupata kusikia maelezo bora zaidi ya tofauti kati ya kubuni na kukubali. Wala hawa wazee hawakuchukiana kwa hilo. Kila mmoja alijua sehemu ya mwenzake, akaitaja, kisha akasisitiza ya kwake. Ndivyo mapokeo yanavyofanya kazi yake yanapokuwa hai. Katika ubishi wa nembo, nani amepata kumsikia mtetezi wa Kabati akitaja kwa haki sehemu ya Ngosha, au wa Ngosha akitaja ya Kabati?

Sasa nifike kwenye hoja ninayoipinga kwa nguvu zaidi, kwa kuwa hutolewa na watu wema. Husema: nembo ni mali ya umma; jembe, shoka, ngao na mkuki havikubuniwa na mtu yeyote tunayemjua; mlima uliumbwa na Mungu; basi ya nini kutafuta jina? Ukubwa wa nembo ni kwamba ni yetu sote. Maneno matamu. Lakini tazama yanapotupeleka. Jembe ni la wote, na bado yuko mhunzi aliyefua hili jembe. Vitu vya kwenye ngao vilikuwapo, ila kuviweka hivi, mwenge juu, mawimbi chini, mkuki katikati, mwanamume na mwanamke kwa kimo kilicho sawa, ni kazi ya macho na subira, na kazi hiyo ilifanywa na mtu aliyekuwa na njaa na usingizi kama sisi. Kitu kikiwa cha wote, wajibu wa kumtaja aliyekitengeneza unazidi, maana amewapa watu wote. Nami nimeona kwamba hoja ya "mali ya umma" haitumiki kamwe juu ya wakubwa. Daraja likizinduliwa, kibao huwekwa, na jina la mzinduzi huchongwa. Ni la fundi tu ambalo huwa la umma.

Iko hatari ya upande wa pili, nayo nisiifiche. Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru, alipata kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga miaka ya 1950, kabla ya kuhamia Dar es Salaam, ambako kuanzia mwaka 1968 hivi alichora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta ya kupaka nyumba. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliomdhania kuwa ni mtu mwingine. Alichora kwa miaka michache tu. Leo kila picha ya namna ile huitwa Tingatinga, hata iliyochorwa juzi na mtu ambaye hakuzaliwa mwaka 1972. Jina lake limekuwa kubwa, na ndani ya jina hilo wamezama wanafunzi wake na ndugu zake waliochora picha nyingi kuliko yeye. Yaani jina moja laweza kufuta mikono mingi sawasawa na ukimya.

Kwa hiyo katika shule ninayofundisha tumejaribu jambo. Sijawapa wanafunzi swali la nembo, kwa sababu nyaraka zake ziko mbali nao na wangeishia kurudia magazeti. Niliwapa swali la vitu vilivyo mbele ya macho yao: ukuta wa shule wenye nembo iliyopigwa rangi, kisima, uwanja wa mpira, na mwembe wa mkutano. Waende wakaulize nani alifanya nini, mwaka gani, na nani alikiona.

Ilikuwa kazi ya majuma matatu. Habari za mwembe hazikupata mtu, maana uliota wenyewe kutokana na kokwa. Wazee walicheka sana. Nembo ya ukutani ilichorwa na fundi wa vibao kutoka Korogwe, aliyefanya kazi hiyo kwa siku mbili na kulala kwa mlinzi. Mlinzi alikumbuka hata kwamba fundi alianza na pembe za ndovu na akaacha nyuso mwisho. Uwanja wa mpira ulipimwa na mwalimu wa zamani, lakini goli la upande wa mashariki lilisogezwa hatua sita na wanafunzi wa mwaka fulani kwa sababu ya mkondo wa maji, nao walikuwa na jina la aliyetoa shauri. Kisima ndicho kilicholeta ugomvi. Majina mawili yalirudi, la mzee aliyeonyesha mahali pa kuchimba na la fundi aliyechimba, na familia za wote wawili ziko hapa hapa Handeni.

Darasa liligawanyika, kukawa na makelele. Msichana mmoja wa kidato cha pili alipendekeza wauandike ukurasa wa kisima kwa mistari miwili: "aliyeonyesha" na "aliyechimba". Mwenzake akauliza, je, wanawake waliobeba maji ya kuchanganyia saruji waandikwe wapi? Wakarudi kuuliza. Wakapata majina manne, na la tano ambalo wawili walilikumbuka na wawili walilikana. Daftari hilo liko katika kabati la maktaba, na ukurasa wa kisima una mistari saba, mmoja wao wenye alama ya kuuliza.